Pilau ya watu mia tatu: shajara ya kushuti filamu Pemba

Jumamosi, Malindi hadi Mkoani

Wachukuzi wa bandari ya Malindi, Unguja, hawahitaji mizani. Aliyetupokea leo alilitazama boksi la lenzi, akalinyanyua kwa vidole viwili, akataja bei ya kubebea kabati la nguo. Dairekta akabishana naye, akashindwa, tukapanda.

Tuko sita: dairekta, ambaye ni dada wa hapa hapa Unguja, kameramani, kijana wa sauti, mwigizaji mkuu kutoka Dar es Salaam, dada wa nguo na vyombo, na mimi wa mwendelezo. Kazi yangu ni daftari. Nani alishika upawa kwa mkono upi, kitunguu kilifika rangi gani, ushungi ulitupiwa bega la kulia au la kushoto, mshumaa ulibaki urefu gani. Sini ya leo ikija kuunganishwa na ya keshokutwa, mtazamaji asione mshono. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo.

Filamu yenyewe haijapata jina. Ni hadithi ya mpishi wa shughuli, mtu wa makamo, aliyekwishapikia harusi na khitma (visomo vya Kurani vya kuwaombea maiti) za kijiji kizima isipokuwa khitma ya mkewe. Mke alipotea baharini, maiti haikuonekana, na mume hajakubali asomewe. Miaka inapita, yeye anapikia maiti za wenzake. Pesa ni za dairekta, za kaka zake na za marafiki wachache waliomwamini. Hakuna kampuni nyuma yetu, na kamera ni ya kukodi, inalipiwa kwa siku, ipigwe isipigwe.

Anayeijua Pemba haulizi bahari ipi. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa watu na mizigo. Julai ya mwaka uliofuata MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Skripti yetu haitaji meli yoyote kwa jina. Dairekta alilifuta jina tangu rasimu ya kwanza, na nadhani alifanya vyema, maana huku likitajwa kila mtu anaanza kuhesabu watu wake na hadithi yako inaishia hapo.

Tulipoipita ncha ya Nungwi kusi lilikuwa linavuma. Chombo kikaanza kulala upande, mfanyakazi akapita akigawa mifuko myeusi ya kutapikia, na runinga ya ukutani ikaendelea na vichekesho vyake ambavyo sasa havikuwa vikimchekesha mtu. Bi mkubwa aliyekaa karibu yangu alifumba macho, midomo inacheza bila sauti. Nilipotazama nyuma, safu nzima ilikuwa hivyo hivyo. Kijana wa sauti akaupeleka mkono kwenye mkoba wa rekoda. Dairekta akamtikisia kichwa, naye akaurudisha.

Mkoani, bandari ya Pemba, tulishuka mchana. Kutoka hapo hadi Wete gari linapanda na kushuka tu, maana Pemba ni vilima, si tambarare kama Unguja. Msimu umeanza. Kandokando ya lami kuna majamvi ya karafuu, za jana zimeshakuwa kahawia, za leo bado kijani na wekundu kwa mbali, na watoto wanazigeuza kwa miguu. Harufu inaingia garini hata vioo vikiwa vimefungwa. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ni ya Pemba. Mwigizaji wetu akauliza kama tunaweza kununua kidogo njiani. Dereva akacheka: karafuu kavu ina mnunuzi wake mmoja, nalo ni shirika la serikali, ZSTC. Za kutia kwenye pilau atapewa bure nyumba yoyote atakayobisha hodi.

Jumapili, Wete

Kibali cha kurekodi tunacho, kimegongwa mihuri Unguja. Lakini ufunguo wa kijiji anao sheha, kiongozi wa serikali wa pale. Tumemfuata asubuhi, nyumbani kwake, tumekalishwa barazani na kuletewa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Hakuuliza kamera inagharimu nini, ambalo ndilo swali la kila mahali tulikowahi kufika. Aliuliza mambo mawili: ni nani anayekufa kwenye mchezo wenu, na mnapika nini?

Dairekta akaeleza. Sheha akasikiliza mpaka mwisho, akasema jikoni tutapewa mtu. Kama mwigizaji wetu ataigiza mpishi wa Pemba na hajui kupika, watu watacheka hata kwenye msiba.

Jumatatu, kijijini

Mtu mwenyewe ndiye huyu. Wote wanamwita Babu, nasi tukamshika hivyo hivyo. Amepikia shughuli tangu ujana wake, na masufuria makubwa ya kijiji, yale ya kuingia mtoto mzima, yanalala kwake ingawa ni mali ya watu wote. Yamechorwa alama ubavuni kwa msumari ili yakienda kijiji cha pili yajulikane.

Mwigizaji wetu ni mzuri, tena sana, lakini mikono yake ni ya mjini, ya Sinza, Dar. Alishika upawa kwa mkono mmoja. Babu hakusema kitu. Akauchukua, akausimamisha katikati ya sufuria, mkono mmoja juu, mwingine chini, akaanza kusukuma kwa kiuno. Vyakula vya watu mia havikorogwi kwa kiwiko. Dairekta alitazama mara moja tu, akaamua papo hapo: picha zote za karibu za mikono zitakuwa za Babu, uso utakuwa wa mwigizaji. Kwangu mimi hiyo ni balaa la mwendelezo. Babu ana kovu refu la kuungua juu ya kidole gumba cha kulia, jeupe, linaonekana hata kwa mbali. Dada wa vyombo ameanza kumchorea mwigizaji kovu kila asubuhi, na mimi nimepima kwa rula.

Jambo lililotufunga midomo ni kitunguu. Tulipanga picha ya kitunguu kikigeuka rangi, kamera juu ya sufuria, mafuta yanachemka. Babu amekaa kwenye kibao chake, amegeukia kando, anazungumza na jirani juu ya mvua. Kameramani akamnong'oneza dairekta kwamba mzee haangalii, vitaungua. Ghafla Babu akanyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Toa moto." Tukatazama ndani: kahawia sawasawa, hata kimoja hakijashika weusi.

Kijana wa sauti ndiye aliyeelewa kwanza, kwa sababu alikuwa na spika masikioni. Kitunguu kina maji. Kikiingia kwenye mafuta kinapiga kelele, na kadiri maji yanavyokwisha kelele inashuka. "Kikiacha kulia kimeiva," Babu akathibitisha. "Jicho linachelewa."

Picha ya kitunguu imefutwa kwenye orodha. Badala yake mwigizaji atakaa kibaoni, ametazama pembeni, na tutasikia tu: kelele, inapungua, inapungua, kimya, "Toa moto." Kijana wa sauti amefunga bumu, fimbo ya maikrofoni, juu ya sufuria na kutuomba wote tusipumue. Tumetumia kitunguu kilo tatu. Kimekwenda chote kwenye mchuzi wa pweza wa nyumba ya pili, hakuna kilichotupwa.

Jumanne

Nimejifunza kwamba mvuke ni muongo. Sufuria inafuka mbele ya macho yako, unatazama kwenye skrini ya kamera, huoni kitu. Ukiupiga mvuke taa kwa mbele unapotea. Taa lazima iwe nyuma yake, na nyuma ya taa kuwe na giza, ndipo unasimama. Tuna taa mbili tu. Asubuhi nzima imekwenda kutundika makuti mabichi nyuma ya jiko ili kupata kivuli, na kuning'iniza taa moja kwenye mwembe kwa kamba.

Mchana ikaja sini ya kula. Mpishi anakula peke yake usiku, wali wa nazi na mchuzi wa papa, akiwa amejipakulia sahani mbili bila kufikiri, ya pili ya mkewe. Sini fupi, lakini ni ya kula, na kula kunachosha. Kila teki lazima sahani irudi ilivyokuwa: wali kiasi kile kile, kipande cha papa pale pale, mchuzi umeshuka upande wa kushoto. Nilikuwa nimepiga picha kwa simu na nikawa napanga kwa kijiko mpaka mgongo ukauma. Kwenye seti za wenye pesa mwigizaji huwekewa ndoo pembeni, anatafuna, dairekta akisema kata anatema. Dada wa vyombo alipoileta ndoo, mama mwenye nyumba akauliza ya nini. Alipoambiwa akaitoa yeye mwenyewe nje.

"Chakula hakitemwi, mwanangu. Punguzeni tonge."

Basi tukapunguza tonge. Mwigizaji alikula kila tonge kwa dhati, na kufikia teki za mwisho alikuwa anakula kama mtu ambaye kweli hana hamu, anatafuna kwa wajibu tu. Hiyo ndiyo dairekta aliyokuwa anaitafuta tangu mwanzo na hakujua namna ya kuiomba.

Jioni hatukupiga kitu. Misikiti mitatu inasikika kutoka uani, na adhana zao hazianzi pamoja. Moja ikimaliza nyingine iko katikati. Kijana wa sauti ameacha kunung'unika. Ameandika nyakati zote tano kwenye karatasi na kuibandika kwenye boksi la bumu.

Jumatano

Usiku huu tumepiga sini ya kuchambua karafuu, na hatukumwelekeza mtu. Wanaume na vijana wanashuka na magunia kutoka shambani magharibi inapoingia, karafuu zikiwa bado kwenye vikonyo vyake. Baada ya Isha familia inakaa kwenye jamvi, taa moja katikati, na kila mmoja anavuta fungu lake: unakishika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Makonyo nayo hayatupwi, yanakwenda kiwandani kukamuliwa mafuta. Vidole vinakuwa vyeusi na utomvu, na kesho yake kila unachokula kina ladha ya karafuu.

Mazungumzo ya kwenye jamvi ni mali ambayo mwandishi wa skripti hawezi kuitunga. Nani ameanguka mkarafuuni na kuvunjika mkono. Nani ameposwa na anajifanya hataki. Bibi mmoja akimwambia mjukuu wake asichambue kwa hasira, karafuu itakatika kichwa na ikikatika kichwa bei inashuka. Mke wa mpishi, kwenye filamu, anaonekana hapa tu, katika kumbukumbu: mwanamke kati ya wanawake, anacheka, uso uko nusu gizani. Tumemtumia msichana kutoka Wete. Hana hata neno moja la kusema, na nina hakika watu wataikumbuka sura yake kuliko ya mtu yeyote mwingine kwenye filamu hii.

Daftari langu linanuka karafuu. Kurasa mbili zimeshikana.

Alhamisi

Leo hakuna hata picha moja. Leo tumezungumza tu.

Jumamosi kwenye ratiba tumeandika "sini ya khitma". Mpishi hatimaye anamfanyia mkewe khitma, kijiji kinakuja, anaonja pilau yake mwenyewe, analia. Ndicho kilele cha filamu. Bajeti iliruhusu mchele kilo kumi, na ujanja tuliokubaliana ni kuweka sufuria nyingine iliyofunikwa kinyumenyume chini ya pilau ili sufuria kubwa ionekane imejaa. Waje watu thelathini wa kuketi mbele, waliobaki wapite nyuma nje ya ukali wa lenzi.

Babu alipouona ule ujanja alisimama kitambo.

"Harufu mtaizuia na nini?"

Hatukuelewa.

"Pilau ikiiva harufu inatembea. Watu watajua kuna shughuli. Watakuja. Mtawaambia warudi?"

Hilo la kwanza. La pili alilileta Maalim wa madrasa, aliyekuja baada ya Adhuhuri na kukaa na dairekta barazani, mimi pembeni na kalamu yangu. Alizungumza kwa upole kabisa. Khitma husomewa maiti. Huyu wenu amekufa lini? Dairekta akasema, "Ni mchezo tu, Maalim." Maalim akajibu kwamba mchezo anauelewa, hata yeye anatazama tamthilia, lakini wasomaji hawatafungua juzuu thelathini za Kurani kumsomea mtu ambaye hakuzaliwa.

Kameramani alitaka tuwaombe waigize kusoma, midomo itembee bila sauti, sauti tuitie baadaye. Nashukuru hakulisema mbele ya Maalim. Mwigizaji akapendekeza sini ianze khitma ikiwa imeshakwisha, kwenye masinia. Dairekta alikuwa kimya muda mrefu.

Aliyetutoa ni Babu. "Kwani hatuna wetu?" akasema. "Kila nyumba hapa ina mtu wake. Tuwasomee hao. Nyinyi kaeni na mashine yenu, muone mtakachoona."

Maalim akakubali, kwa masharti: kisomo hakikatizwi wala hakirudiwi, kamera isimkaribie msomaji, na yule bwana wa Dar akae chini na wenzake kama mtu mwingine yeyote, "na asilie kwa kulipwa".

Jioni kwenye chumba chetu Wete tulibishana mpaka umeme ukakatika. Kameramani ana haki yake: kilele cha filamu kupigwa mara moja tu, bila mazoezi, na kamera moja, ni kucheza kamari na pesa za watu. Lakini mimi kwa upande wangu, tangu zamani filamu za chakula zinanichosha: sahani imepambwa, imepigwa mafuta ing'ae, mtu mmoja anaonja na kufumba macho. Sijawahi kuona shughuli ya kwetu ambapo mtu anauliza kama chakula kimependeza. Swali ni kama kimetosha.

Ijumaa

Dairekta amempigia kaka yake simu ya dakika arobaini. Mchana tumekwenda Konde na gari la kukodi: magunia mawili ya mchele, vitunguu, thomu, mbatata, tangawizi, mafuta. Uzile, hiliki na mdalasini tumenunua Wete. Ng'ombe amechangiwa na kijiji, hilo hatukuliomba. Nazi hazitakiwi kwenye pilau lakini zimeletwa hata hivyo.

Jumamosi, khitma

Saa tisa za usiku mafiga yamewashwa. Makumbi kwanza, kisha kuni za mwembe, na vifuu vimewekwa pembeni kwa ajili ya makaa ya baadaye. Babu ana vijana sita na hapazi sauti. Tumewasha taa moja tu. Iliyobaki ilikuwa ni mwanga wa moto wenyewe, na kameramani, ambaye jana alikuwa hataki kusikia, alikuwa anazunguka masufuria ameinama, shati limelowa, anatabasamu peke yake.

Mwigizaji hakuwa na pa kukaa na kuigiza. Aliambiwa alete maji, akaleta. Aliambiwa asukume upawa, akasukuma kwa kiuno. Jua lilipotoka kovu la kuchora lilikuwa limeshafutika kwa jasho na mahali pake pana jingine, dogo, la kweli, la cheche ya mafuta. Nimeliandika daftarini.

Wanaume walikaa msikitini na barazani. Upande wa wanawake, uani na vyumba vya ndani, kamera haikuingia. Kameramani ni mwanamume na hilo halikuhitaji mjadala. Dairekta aliweka rekoda kwenye kibao karibu na mlango, basi. Kwa hiyo wanawake wa filamu hii, katika sini yake kubwa, watakuwa sauti tu: visu vya kachumbari, watoto, dua, kucheka.

Kabla ya saa nne Maalim alituma mtoto: wanataka majina ya wanaosomewa, yaandikwe ili yatajwe kwenye dua. Uani pale mwenye kalamu nilikuwa mimi. Nikageuza daftari upande wa nyuma, penye kurasa safi, na wakaanza kunitajia. Jina na jina la baba, au la mama. Walikuwapo waliokufa kwa uzee, watoto wachanga, mama aliyefia uzazini, kijana wa mkarafuuni. Na walikuwapo wa baharini. Hao hakuna aliyeeleza kwamba ni wa baharini. Niliwajua kwa sababu mtajaji alikuwa anataja wengi kwa mpigo, ukoo mmoja, na wengine wote wanasubiri amalize. Bi mmoja alinitajia mume, akanitazama ninavyoandika, akanisahihisha herufi. Akasema walimswalia ghaibu, bila maiti kuwapo, wakati ule, lakini chakula chake hakijapikwa. Nyumba haikuwa na nguvu hiyo, na kisha wakati ukapita, ikawa aibu kuanza.

Yaani hadithi yetu ilikuwapo pale imekaa, na hakuna aliyeitunga. Sikumwambia dairekta mpaka jioni.

Kisomo kilikwenda kama saa nzima. Kamera ilikuwa kwenye stendi chini ya mwembe, mbali, haikusogezwa. Baada ya Adhuhuri masinia yakatoka. Hapa skripti ilisema: mpishi anaketi, anakata tonge, anaonja, analia. Ukweli ni kwamba mwigizaji alikuwa wa kugawa. Sinia kichwani, watu watano watano, anainama, anaweka, anarudi. Mtoto mmoja alimwita "ami, huku bado", naye akakimbia. Kikoi chake cha begani, ambacho nimekilinda tangu Jumatatu kisigeuzwe upande, alimpa mzee mmoja afutie mikono na hakikurudi. Alikula mwisho kabisa na vijana wa jikoni, kwa kukwangua ukoko, amechutama, anazungumza na kinywa kimejaa. Hakulia. Babu alimsogezea mfupa wenye mafuta ya ndani bila kumtazama, na kamera ilikuwa inawatazama.

Watu walikuwa mia tatu na ushei, kwa hesabu ya masinia. Mchele ulitosha.

Jumapili

Tumeziba mapengo: masufuria yakioshwa kwa majivu na mchanga, uani mtupu, Babu akiyarudisha kwake moja moja. Kikoi kimepatikana, kimefuliwa, kimekunjwa, dada wa vyombo kakiweka pembeni. Kwenye sini zinazofuata mpishi hatavaa kikoi. Mwendelezo mwingine unatakiwa uvunjike mbele ya macho ya watu.

Nyumba ya yule bi wametuomba kopi ya dua, sauti tu. Kijana wa sauti amewatilia kwenye simu tatu. Karatasi za majina nimezichana kwenye daftari na kumpa Maalim. Ndivyo alivyotaka, na karatasi hizo si za filamu wala zangu.

Jumatatu, Wete

Mabishano ya uhariri yameanza kabla hata hatujafunga mabegi. Kameramani anataka tupige sahani moja ya karibu huko Unguja, studio, mvuke vizuri, ili kilele kiwe na picha ya pilau. Dairekta anasema pilau itaonekana kichwani kwa mwigizaji ikipita, na kwenye vidole vya watu, na hapo panatosha. Mimi nimeulizwa kama itaungana. Nimesema haitaungana, mchele wa studio hautakuwa na rangi ile. Ni kweli, lakini ningesema hivyo hata kama si kweli.

Jambo moja limekwishaamuliwa. Filamu ikikamilika itaonyeshwa hapa kwanza, uwanja wa skuli, shuka nyeupe na jenereta, kabla ya kupelekwa kwenye tamasha lolote, hata hilo la filamu la Zanzibar, ZIFF. Sheha amesema isiwe kabla ya karafuu kwisha, sasa hivi kila mtu mchana yuko mtini na usiku yuko jamvini. Halafu akauliza siku hiyo nani anapika. Dairekta ameongeza gunia la mchele kwenye bajeti ya uhariri, mstari ulio chini ya diski mbili, na kaka yake bado hajaambiwa.